Mahudhurio yangu yalifuata mwezi: jibu kwa aliyeuliza kuhusu mdogo wake

Mleta mada, kisa cha mdogo wako nimekisoma mara mbili. Yuko mwaka wa pili, kazi za darasani kafanya vizuri, halafu wiki moja kabla ya mtihani jina lake linabandikwa ubaoni: mahudhurio 68%, haruhusiwi kuingia. Unauliza kama ni haki mtu mzima wa miaka 21 kulazimishwa kukaa darasani. Waliotangulia kukujibu wamegawanyika, hawa wanasema chuo si shule ya msingi, wale wanasema bila kubanwa hasomi mtu. Mie sipo kwa hawa wala kwa wale, ila itabidi nianzie mbali kidogo, maana hata jina langu liliwahi kubandikwa.

Nilisoma stashahada ya maabara ya tiba hapa Tanga, 2014 hadi 2017. Chuo sikitaji. Wakati ule mkopo wa Bodi ya Mikopo sisi wa maabara ngazi ya stashahada tulikuwa tukiusikia tu kwa wenzetu wa digrii, kwa hiyo ada yangu ilitoka kwa mjomba, na mjomba alikuwa mtu wa dagaa pale soko la samaki la Deep Sea. Makubaliano yetu yalikuwa mepesi: yeye analipa ada, mie alfajiri namshikia daftari. Nani kachukua ndoo ngapi, nani kalipa, nani kasema atalipa jioni. Wale akina mama wachemsha dagaa hawana muda wa kukusubiri utafute kalamu, maji yao yako jikoni tayari. Ukikosea ndoo moja unatajiwa na ukoo wako.

Sasa, asiyekaa pwani huenda hajui: dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukishapevuka taa haina kazi na vyombo vinalala. Kwa hiyo kwenye mbalamwezi nilikuwa mwanafunzi wa mfano, saa mbili kamili niko kiti cha mbele, nimeoga, nanukia. Giza likirudi, chombo kinaingia saa kumi na moja alfajiri, biashara inakwenda mpaka saa tatu, na hadi nipige baiskeli nifike chuo ni saa nne. Kipindi cha kwanza kimekwisha, cha pili kiko katikati, na shati langu linawatambulisha wote waliokaa karibu nami kwamba nimetoka kwa mjomba.

Kanuni ya chuo chetu ilikuwa 75%. Kozi ya vipindi 60, unaruhusiwa kukosa 15. Mie nilikutwa na 42, yaani 70%. Nikaenda kwa mkufunzi wa taaluma. Akayafungua mafaili, akayapanga karatasi moja moja mezani, akaona nilivyokuwa nakosa kwa mafungu: wiki moja na kitu sipo, halafu nipo moja kwa moja, halafu sipo tena. Akaniangalia juu ya miwani.

"Kijana, unaumwa nini kinachokuja kila mwezi?"

"Siumwi, mwalimu. Nafuata dagaa."

Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Kisha akaniambia uamuzi haubadiliki, mtihani wa kozi ile nitaufanya na watu wa sapu, wale wa mtihani wa marudio.

Nilitoka pale na hasira, na nitawaambia kwa nini. Karatasi ya mahudhurio ilikuwa ikianzia mbele na kuzunguka kwa mkono hadi nyuma. Rafiki yangu mmoja alikuwa na kalamu tatu, mbili za bluu na moja nyeusi, kusudi saini alizowapigia watu zisifanane. Karatasi ikirudi mbele ina majina 80 na ushei, ukihesabu vichwa havifiki 50. Mkufunzi anaikunja, anaitia kwenye faili, kwaheri. Hata katika vipindi vyangu 42, kama sita hivi ni kazi ya kalamu ile. Kuna watu ambao sikuwahi kuwaona darasani muhula mzima walioingia mtihanini na 90%, mie niliyekuwa nakaa mbele nusu ya mwezi nikabaki nje. Ndiyo maana anayeniambia mahudhurio ya lazima yanajenga nidhamu huwa namuuliza ni mahudhurio ya mtu au ya saini.

Ila sasa, yakhe, hapa ndipo ninapoachana na wale wa "watu wazima waachwe".

Kozi niliyozuiliwa ilikuwa ya vimelea. Siku mkufunzi anaonyesha namna ya kuandaa slaidi ya malaria, mwezi ulikuwa giza. Nikachukua desa la mwenzangu, yaani maelezo aliyoandika darasani, nikalinakili, nikalikariri. Slaidi ya malaria unaiwekea matone mawili ya damu: moja unalitandaza liwe jembamba kama pumzi kwenye kioo, jingine unalizungusha kidogo na kuliacha nene. Desa lilisema: acha ikauke, chovya kwenye methanoli, kisha rangi ya Giemsa ya 10% kwa dakika 10 hadi 15. Siku ya jaribio la vitendo nikafanya hivyo hivyo, kwa kujiamini kabisa. Slaidi nzima nikaizamisha kwenye methanoli.

Mnaojua maabara mmeshashika kichwa. Methanoli ni ya lile tone jembamba peke yake. Lile nene haliguswi, kwa sababu maji yaliyomo kwenye rangi yanatakiwa yapasue chembe nyekundu za damu ili wadudu wabaki peupe uwahesabu, na huwa tunawahesabu mpaka tutimize chembe nyeupe 200. Ukishaligandisha kwa methanoli, chembe nyekundu hazipasuki. Nilipoinamia hadubini niliona ukuta. Nikazungusha skrubu mbele, nikazungusha nyuma, ukuta ule ule. Mkufunzi akaja, wala hakuinama. Akaitoa slaidi, akaielekeza dirishani, akaona lile gamba la rangi ya kutu, akasema taratibu tu, "Wewe siku ile hukuwepo."

Kilichoniuma zaidi ni mwenye desa. Yeye ndiye aliyesahau kuandika kwamba methanoli ni ya tone jembamba tu, lakini slaidi yake ilitoka safi. Daftari lake lilikosea, mkono wake ukakumbuka, kwa kuwa siku ile aliona kwa macho mkufunzi akiinamisha slaidi upande mmoja, tone nene likibaki juu kavu. Hakuona haja ya kuandika kitu ambacho ameshakiona.

Linganisha na kozi ya stadi za mawasiliano muhula huo huo. Mkufunzi alisimama kando ya projekta akasoma neno kwa neno kilichoandikwa ukutani, na ukutani palikuwa na kile kile kilichomo kwenye kitini. Nilikosa karibu nusu ya vipindi vyake (kalamu ya rafiki ikaniokoa), nikapata B. Stadi za mawasiliano nilikuwa nazifanyia mazoezi kwa akina mama wa Deep Sea kila alfajiri.

Kuna mdau hapo juu kaleta utafiti wa Marekani wa 2010, wa Marcus Credé na wenzake wawili, waliounganisha tafiti nyingi za nyuma. Kautaja nusu. Ni kweli walikuta mahudhurio yanabashiri alama za chuoni kuliko hata SAT, ule mtihani wa kuingilia vyuo vya kwao. Nusu aliyoiacha ni kwamba kulazimisha mahudhurio kwenyewe kulipandisha alama kidogo tu. Mie naona hapo pana watu wawili tofauti. Yupo anayekuja kwa sababu anataka, huyo angefaulu tu. Na yupo anayeletwa na kanuni, mwili uko kwenye kiti, akili iko kwenye simu.

Siku hizi nipo upande wa pili wa meza. Nafanya kazi maabara, na kila mwaka tunaletewa vijana wa fildi, wanafunzi wanaokuja kujifunza kazi kwa vitendo. Siku ya kwanza siwaulizi alama wala barua. Nawapa slaidi na lanseti, nawanyoshea kidole changu, nawaambia wanitoboe. Mwaka jana alikuja mmoja ambaye chuo chao kimeacha karatasi, wana mashine ya alama za vidole. Akanieleza bila aibu inavyokwenda: saa mbili wanagusa, wanarudi kulala, saa nane wanagusa tena. Ana 97%. Nikampa slaidi. Akaishika katikati ya uso wa kioo, akaacha alama ya kidole pale pale nilipotaka aweke damu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Vipindi vya vitendo iwe 100%, si 75, kwa sababu ile robo unayoruhusiwa kukosa inaweza kuwa ndiyo siku ya methanoli. Aliyekosa kwa sababu ya msingi apangiwe siku afidie, hata kama ni Jumamosi. Nadharia mwacheni mtu, wekeni majaribio ya mara kwa mara, asiyesoma ataonekana huko huko mapema. Mwaka wa kwanza muhula wa kwanza ningembana kidogo zaidi, hilo nakubaliana na wazazi, nimeona waliotoka bweni la kanisa wakaingia mtaa wa Ngamiani wakapotea moja kwa moja.

Turudi kwa mdogo wako, maana muda unakwenda. Asiende kulia, aende kuhesabu. Kama kozi imepangiwa vipindi 60, 68% ni vipindi 41. Amuulize kiongozi wa darasa: mkufunzi mwenyewe hakutokea mara ngapi? Vyuo vingine vinagawanya kwa vipindi vilivyo kwenye ratiba, si vilivyofundishwa. Kama mkufunzi alikosa mara sita, mdogo wako ana 41 kati ya 54, ambayo ni karibu 76%, na kama kanuni yao ni 75% kama yetu, hana kosa. Mie hesabu hiyo sikuifanya, hasira ilinitangulia. Aombe kuona karatasi zenyewe, aandike barua, aipeleke taaluma kwa mkono na abaki na nakala iliyogongwa muhuri. Aliyekuwa na mgonjwa au msiba aambatishe cheti.

Lakini kabla hajaandika hiyo barua kuna kitu hukukisema kwenye uzi wako. Anasoma fani gani, na hivyo vipindi alivyokosa vilikuwa vya darasani au vya maabara?