Testi ya kwanza ya fizikia chuoni, na lifti iliyonimaliza

Testi yangu ya kwanza ya fizikia chuo kikuu nilipata 11 kati ya 40. Siyo kwamba sikusoma. Wiki nzima nilipiga msuli hadi saa nane usiku, madesa yote nimeyapaka kalamu ya njano, maswali yenye majibu nimeyapitia mara tatu. Kila mstari nikiusoma naitikia kwa kichwa: sawa, sawa, hapo sawa. Kidato cha sita nilisoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) na fizikia ndiyo iliyonibeba, nikajua mwaka wa kwanza ni marudio tu ya kanuni za Newton.

Swali lililonimaliza lilikuwa la lifti. Mtu wa kilo 60 amesimama kwenye mizani ndani ya lifti. Lifti inapanda, ila inapunguza mwendo ili isimame, kwa mchapuko (kiasi mwendo unavyobadilika kila sekunde) wa 2 m/s². Mizani inasoma nyutoni ngapi? Kwenye madesa yangu kulikuwa na lifti inayopanda, na pale tulijumlisha mchapuko wa lifti na 9.8 ya mvutano wa dunia: 60 × (9.8 + 2) = 708. Nikaandika 708 na kuipigia mstari mara mbili. Jibu ni 468. Lifti inapanda, ndiyo, lakini kwa kuwa inapunguza mwendo, mchapuko wake unaelekea chini, kwa hiyo unatoa: 60 × (9.8 − 2). Mimi nilikuwa nimekariri "ikipanda jumlisha, ikishuka toa", wala sikujiuliza mshale wa mchapuko unaangalia wapi. Na hili si la kukariri hata kidogo. Panda lifti ya ghorofa yoyote ndefu mjini. Ikikaribia kusimama huko juu, mwili unakuwa mwepesi ghafla na tumbo kama linabaki njiani. Hiyo ndiyo 468.

Baada ya hapo nilibadilisha kitu kimoja: nikaacha kusoma majibu, nikaanza kuyaandika. Nachukua swali lililokwisha kufanywa darasani, nafunika jibu, naanza kwenye karatasi tupu. Siku ya kwanza nilitia aibu. Swali ambalo asubuhi nililipitia nikasema "hili jepesi", mchana nilikwama mstari wa pili. Nikikwama nafunua mstari mmoja tu, nafunika tena. Kesho yake narudia lile lile tangu mwanzo bila kufunua kitu.

Baadaye nilikuja kukuta kwamba jambo hili lilishapimwa. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi matini ya kusoma. Baadhi waliisoma tena, wengine wakajipima kwa kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Ndiyo maana usiku wa testi unajiona umeiva, halafu mambo unayoyasoma mapema yanakukimbia kwenye UE, mtihani wa mwisho wa semesta. Wao walitumia matini ya kawaida, siyo fizikia, lakini mimi nilijiona mle ndani.

Pili, chora. Kabla ya mlinganyo wowote, chora kitu chenyewe kama kiboksi, halafu mishale ya kani zote zinazokigusa, kisha pembeni mshale mmoja wa mchapuko. Mimi huwa naona watu wanaruka hatua hii kwa kuona ni ya kitoto, na hao hao ndio wanaosahau msuguano. Ukishachora, andika upande upi ni chanya. Maswali mengi ya mwanzo yanaishia hapo. Yanayobaki ni hesabu za sekondari.

Kuhusu diskasheni, zile za watu kumi ambapo mmoja anaandika ubaoni na tisa wanapiga picha kwa simu, mimi zilinipotezea muda. Tulibaki watatu chumbani, na sharti letu lilikuwa kueleza kwa Kiswahili kwanza. Mtihani ni Kiingereza, na Kiingereza cha kitabu ni rahisi kukimeza bila kukitafuna. Siku moja mwenzangu aliniuliza: mpira uliorushwa juu, ukifika kileleni kabisa, mchapuko wake ni ngapi? Nikasema sifuri, si umesimama? Akacheka. "Kama mwendo sifuri na mchapuko nao sifuri, kitu gani kitaurudisha chini? Si utakaa hapo hapo hewani?" Ni 9.8, kuelekea chini, muda wote. Sijawahi kulisahau tena, na hata angeniandikia ukurasa mzima sidhani kama lingeniingia vile.

Pastipepa zifanye kwa saa, simu ukiwa umeiweka mbali, na usizianze mapema mno ukazimaliza kabla hujaiva. Usiku wa mwisho lala. Najua hutanisikiliza.

Ndani ya chumba, soma maswali yote kwanza. Ukikwama, acha mchoro na mlinganyo wako pale pale, usifute: wasahihishaji wengi wanatoa alama za njia hata jibu likikosekana. Angalia vipimo vya jibu lako. Umeulizwa umbali ukapata m/s, kuna mahali umeteleza.

Na kikokotoo. Kabla ya kuandika chochote bonyeza sin 30. Ikija 0.5, endelea. Ikija −0.988, kimekaa kwenye radiani, kirudishe kwenye digrii. Jirani yangu kwenye testi ya pili aligundua hilo wakati msimamizi ameshatangaza dakika kumi za mwisho.