Muulizeni mwenye nyumba

Mmeuliza kinachomkuza mtengeneza filamu wa kujitegemea: darasa, matamasha au kamera mkononi. Mimi si mtu wa filamu. Nina nyumba Tabata, ina ua mpana, na vijana huja kuiazima kwa lokesheni. Nitajibu ninachokijua: aliyekua unamtambuaje.

Mmoja alikuja na sini ya msiba. Akafunga turubai, akapanga viti vya plastiki, akawaweka kina mama wawili sebuleni walie. Mjumbe hakuambiwa, majirani ndiyo kabisa. Kilio kilipopanda, mtaa ukaja. Ukaja kweli, na khanga za kujitanda. Bibi wa nyumba ya tatu akanikumbatia huku analia, "Mwanangu, mbona hukutuita?" Sijajibu, mzee mmoja kashafungua daftari la rambirambi, elfu mbili mbili zinaingia. Mshika maiki anamtazama dairekta, dairekta kaduwaa. Nikajua atasimamisha. Wapi! Aliacha kamera iendelee, ndipo akapita kwa mmoja mmoja kuomba radhi na ruhusa ya kutumia sura zao, akirudisha kila noti kwa kufuata daftari. Bibi alimtukana akachoka, kisha akauliza filamu inatoka lini.

Enzi hizo ni za CD. Aliiuza kwa msambazaji Kariakoo, haki zote, kama walivyofanya wengi. Baada ya hapo iuzike isiuzike, yeye hana chake.

Miaka ikapita, akarudi. Keshasoma, keshafika ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, pale Ngome Kongwe. Safari hii kuna barua kwa mjumbe, mama lishe wa kulisha wasanii, mkataba wa nyumba, na hela yangu nimepewa kabla kamera haijawashwa. Haki za filamu kabaki nazo mwenyewe. Nikasema huyu sasa mkubwa. Wanaopima kwa tamasha la Toronto, Kanada, ambako filamu yetu ya Vuta N'kuvute ilionyeshwa 2021, waniwie radhi, mimi napimia kwa mjumbe.

Ila naandika hapa huku nazikumbuka filamu zote mbili. Ya pili safi, kila neno linasikika, nami nilisinzia. Ile ya kwanza, pale bibi anapoingia uani, mtaa mzima tulikuwa tunairudisha nyuma tuione tena.

Basi niandikeni upande wa darasa, kwa ajili ya majirani. Kama mlikuwa mnauliza habari ya filamu yenyewe, nihamishieni kwenye kamera, ingawa sikazanii sana: kazi nilizoziona ni mbili tu, tena za mtu mmoja.

Msomaji, Tabata