Maji kwenye kachumbari ya kabichi

Dada, umeuliza kwa nini kachumbari yako ya kabichi inajaa maji, na kama unaweza kutia ubuyu badala ya siki. Maji hayo yanatoka kwenye kabichi yenyewe, siyo kwamba siki imezidi. Chumvi ikigusa majani inayavuta maji nje. Kwa hiyo yatoe mapema: katakata kabichi nyembamba sana, kwa nusu kilo tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, fikicha kwa mkono, acha dakika 20, kisha kamua vizuri. Hapo ndipo utie karoti, kitunguu na uchachu wako.

Ubuyu badala ya siki inawezekana kabisa, mimi huku Dodoma ndiyo ninaotumia nikiwa na nyama choma ya mbuzi. Koroga vijiko viwili vya unga wa ubuyu na maji ya uvuguvugu kidogo, sukari kiasi na mafuta ya alizeti. Unakuwa mzito wenyewe, unashika kwenye kabichi, na hakuna haja ya mayonezi. Ukwaju nao unafaa, ila uchuje, na rangi itakuwa ya kahawia.

Ubuyu uwe mweupe usiotiwa rangi wala pilipili. Na onja kabla ya kuongeza chumvi, kabichi imeshaishika ya kutosha.