Mzigo uko nyuma, usukani unacheza: nifungeje?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nataka kwenda Lushoto kutoka Moshi kwa baiskeli ya gia, tairi za inchi 26. Nina hema, blanketi, jiko dogo na maji, kama kilo 20. Nilipofunga vyote juu ya keria, usukani ulicheza mteremkoni na spoku mbili za nyuma zikakatika. Nibebe mengine mgongoni?

JIBU: Mgongoni hapana. Makalio na viganja vitakulaumu kabla hujafika Same.

Kilo 20 zinabebeka, ila umeziweka pabaya. Ukikaa kwenye siti, gurudumu la nyuma tayari limebeba zaidi ya nusu ya uzito wako. Ukirundika mzigo wote hukohuko, tena juu, mbele panakuwa pepesi na fremu inajipinda huku na huku. Usukani ukianza kucheza tena usishtuke ukakamata breki kwa nguvu: bana bomba la juu la fremu kwa magoti, punguza mwendo taratibu.

Maji na spana viingie katikati ya fremu. Hema lifungwe mbele, lisibane waya za breki. Jiko na vizito vingine viingie kwenye mifuko miwili ya pembeni, uzito sawa kila upande, ikae chini karibu na ekseli bila kugusa visigino. Juu ya keria libaki blanketi.

Najua utaniambia wauza mkaa hufunga magunia juu na wanafika. Wanafika kwa fremu nzito ya chuma na keria iliyoongezewa nondo, na mlimani wanashuka kusukuma.

Spoku sasa. Usibadilishe mbili ukaondoka. Zilizolegea hukazwa na kuachiwa kila gurudumu linapozunguka, mwisho zinachoka na kukatika penye kona, kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Fundi akaze gurudumu zima upya. Beba spoku za akiba za urefu uleule pamoja na kifungulio cha friwili (ile seti ya gia za nyuma), maana za upande wa gia haziingii bila kuitoa.

Boliti za keria zitie washa za springi, uzikague kila asubuhi. Mipira ya tyubu kuukuu inafunga vizuri kuliko kamba, ila kata ncha zinazoning'inia zisiingie kwenye cheni. Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kilomita 30 na ushee za kona; wakati wa kurudi breki ndizo zitateseka, kwa hiyo weka raba mpya.

Ukishafunga, shika siti uitikise baiskeli. Mzigo ukiendelea kuyumba baada ya baiskeli kutulia, fungua ufunge upya.