Kabla Hujafuta Faili Usilolijua, Uliza Nani Aliliweka

Diski ilikuwa imejaa hadi mstari wake umegeuka mwekundu, na kila nilipotaka kuhifadhi kitu, kompyuta ilikataa. Nikaingia kwenye folda ya Windows, nikapanga vilivyomo kwa ukubwa, nikakutana na folda iliyofichwa iitwayo Installer. Ndani mlikuwa na mamia ya mafaili yenye majina ya tarakimu na herufi zilizochanganywa ovyo, yote yakiishia na .msi au .msp. Nikajiambia haya ni mabaki ya usakinishaji wa zamani, kwa kuwa programu zenyewe zipo na zinafanya kazi. Nikachagua yale makubwa makubwa, nikayafuta, na pipa la taka nikalimwaga palepale.

Kesho yake kompyuta ikawaka vizuri. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Mwezi wa pili nikataka kusasisha programu ya mahesabu ninayoitumia kila siku, ikagoma. Kidirisha kikatokea kikiniomba nionyeshe lilipo faili fulani la .msi. Nikasema basi, niiondoe niisakinishe upya. Nako ikagoma, kwa sababu ileile. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba folda ya Installer ndimo Windows inamotunza maelekezo ya kurekebisha, kusasisha na kuondoa programu zilizosakinishwa kwa mafaili ya .msi. Nilikuwa nimetupa hati za nyumba huku bado naishi humo. Amri ya sfc /scannow, ambayo hurudisha mafaili ya mfumo yaliyoharibika, haikunisaidia kitu, maana mafaili yale ni ya programu, si ya Windows yenyewe.

Nawaeleza haya kwa sababu watu wengi hufuta faili, huwasha upya kompyuta, wakiona imewaka wanasema lilikuwa salama. Kuwaka hakuthibitishi chochote. Madhara mengine hungoja siku faili lile litakapohitajika.

Siku hizi sianzi na swali la faili hili ni nini. Nauliza nani aliliweka, na je, huyo aliyeliweka ametoa njia yake ya kuliondoa? Swali hili linajibika hata pale jina la faili halisomeki.

Chukua hiberfil.sys, faili kubwa linalokaa kwenye mzizi wa diski C. Aliyeliweka ni Windows, ili ihifadhi yaliyomo kwenye kumbukumbu kompyuta inapolala usingizi mzito (hibernate). Ukijaribu kulifuta kwa mkono halikubali. Lakini njia yake ipo: fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /h off, nalo linatoweka lenyewe. Utapoteza usingizi huo mzito pamoja na ule uwashaji wa haraka, basi. Jirani yake pagefile.sys ni tofauti. Hilo ni nyongeza ya kumbukumbu pale RAM inapoelemewa, na mimi naliacha liendeshwe na mfumo. Nimeona watu wakilizima ili kuokoa nafasi, kisha programu zinaanza kufungwa katikati ya kazi.

Folda inayotisha wengi ni WinSxS, ghala la vipande vya Windows yenyewe. Ukiipima kwa njia ya kawaida inaonyesha GB nyingi ajabu, lakini sehemu kubwa ya mafaili yake ni yaleyale yanayoonekana kwenye System32, folda kuu ya mafaili ya mfumo, na kwingineko, yaani faili moja lenye majina mawili, likahesabiwa mara mbili. Amri ya Dism /Online /Cleanup-Image /AnalyzeComponentStore hukupa ukubwa wake halisi na kukwambia kama kuna haja ya kusafisha. Ikisema ipo, weka /StartComponentCleanup mahali pa /AnalyzeComponentStore, uiache ifanye kazi yake. Usiiguse folda ile kwa mkono.

Windows.old ni toleo lililotangulia, limebakizwa ili uweze kurudi nyuma. Mfumo huifuta wenyewe baada ya siku 10 hivi. Kama una haraka na umeridhika na toleo jipya, iondoe kwa kutumia kisafishaji cha Windows: andika cleanmgr kwenye sehemu ya kutafutia, kisha ubofye kitufe cha kusafisha mafaili ya mfumo. Lakini kwanza hakikisha hati zako zote zimehamia, kwa sababu ukishaifuta hakuna kurudi. Folda za Temp ndizo zisizonipa wasiwasi. Funga programu zote, futa, na yale yatakayokataa yaache, maana yanatumika.

Kukataa huko nako ni jibu. Windows ikikwambia huna ruhusa ya kufuta kitu, mtandaoni utapata maelekezo kemkem ya kujitwalia umiliki wa faili kwa nguvu. Nakusihi usiyafuate kwa ajili ya kuokoa nafasi. Ulinzi ule umewekwa juu ya mafaili yanayoushikilia mfumo.

Halafu kuna woga wa virusi, ambao umewafutisha watu mafaili yasiyo na hatia miaka mingi. Mwaka 2001 zilisambaa barua pepe zikionya kwamba sulfnbk.exe ni kirusi, na mwaka 2002 zikafuata za jdbgmgr.exe, lililokuwa na picha ya mdoli wa dubu. Watu wakaangalia, wakayakuta kweli, wakayafuta, wakawatumia na rafiki zao onyo. Yote mawili yalikuwa mafaili halali ya Windows. Kwa hiyo ukishuku faili, tazama linakaa wapi. svchost.exe ndani ya System32 ni la kawaida, hata likionekana mara kumi kwenye orodha ya kazi zinazoendelea. Lenye jina hilo ndani ya folda yako ya Temp ni la kutiliwa shaka. Fungua sifa zake uone kama lina saini ya kidijitali na ni ya nani, kisha uliache mikononi mwa programu ya kuzuia virusi.

Kwa faili ambalo si la Windows, na aliyeliweka simjui, silifuti. Nalihamishia kwenye diski ya nje, naandika kwenye karatasi lilikotoka, neno kwa neno, kisha nangoja miezi mitatu. Ningefanya hivyo kwa zile .msi, ningezirudisha kwa dakika moja badala ya kuhangaika siku mbili.

Kilichoniuma zaidi nilikigundua baadaye. Nilifungua Mipangilio, nikaingia sehemu ya Mfumo, halafu Hifadhi, nikasubiri ihesabu. Ulaji mkubwa wa nafasi haukuwa kwenye folda ya Windows hata kidogo. Zilikuwa nakala tatu za simu niliyokwisha kuibadilisha, na video nilizozipakua, nikazitazama mara moja, nikazisahau. Vyote niliviweka mwenyewe, na nilijua kila kimoja ni nini.