Hundi ya kielektroniki: majibu kwa wenye maduka ya mtandaoni

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wetu wanaofanya biashara Marekani, wale ambao benki huwaweka kwenye kundi la hatari kubwa.

Nauza virutubisho mtandaoni. Kampuni ya kadi imenifungia akaunti, na rafiki ananishauri nihamie hundi ya kielektroniki. Ndiyo nini hasa?

Pole sana, ndugu yangu. Ni idhini anayokupa mteja utoe pesa moja kwa moja kwenye akaunti yake ya benki. Anajaza namba ya benki yenye tarakimu 9 na namba ya akaunti, zilezile zilizochapwa chini ya hundi ya karatasi. Ombi hupita mtandao wa ACH, unaohamisha pesa kati ya akaunti za benki za Marekani; kanuni zake hutungwa na shirika la Nacha. Visa na Mastercard hawamo. Ila kama jina lako limeingia kwenye MATCH, orodha ya Mastercard ya wafanyabiashara waliofungiwa akaunti za kadi, hukaa humo miaka 5. Kampuni mpya ya malipo ikikuuliza, usifiche.

Nikiona ombi limepokelewa, nitume mzigo?

Usitume! Hapa ndipo wengi wanapoumia. Kadi ikipitishwa, benki ya mteja imekwisha kuulizwa kama salio lipo. Kwenye ACH hakuna anayeuliza. Ombi linaondoka, kimya, kisha linarudi na alama ya R01: akaunti haina pesa. Benki ya mteja ina siku 2 za kazi kulirudisha, na Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Mimi ningesubiri siku 5 za kazi kwa bidhaa yoyote ya bei kubwa, hata mteja akinung'unika. Likirudi kwa kukosa salio, unaruhusiwa kujaribu tena mara 2 tu. Pia, tangu Machi 2021 kanuni inakutaka uhakiki akaunti ya mteja wa mtandaoni inapotumika mara ya kwanza.

Nimeambiwa mteja wa hundi hawezi kudai arudishiwe. Kweli?

Si kweli, na aliyekuambia hivyo anakutafutia hasara. Mteja binafsi ana siku 60 za kuiambia benki yake kwamba hakutoa idhini. Kinga yako ni ushahidi wa idhini hiyo: tarehe, kiasi, maneno aliyoyakubali. Utunze miaka 2 baada ya idhini kukoma. Tena Nacha huhesabu: malipo yaliyorudi kwa kukosa idhini yasizidi asilimia 0.5. Kwenye malipo 400, wateja wawili tu wamekufikisha mpakani. Malipo yote yaliyorudi, kwa sababu yoyote ile, yasizidi asilimia 15.

Kampuni inayonipitishia malipo inashikilia asilimia 10 ya mauzo yangu kwa miezi 6. Ni wizi?

Hapana, dada. Ni dhamana ya kawaida kwa biashara za kundi lako. Dai tu tarehe ya kurudishiwa iandikwe kwenye mkataba.

Mteja wangu wa Nairobi anaweza kulipa hivi?

Kwa akaunti ya benki ya Kenya, hapana. Mtandao huu ni wa akaunti za Marekani.

Wakala anataka tuuze kwa kupiga simu, tuchukue namba za akaunti, kisha programu ichape hundi zisizo na saini ya mteja.

Kataa leo hii. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, imepiga marufuku hundi za namna hiyo katika mauzo ya simu tangu Juni 2016.