Usichore hata mdomo mmoja kabla sauti haijarekodiwa

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza katuni ya watoto ya dakika 5 inahitaji kompyuta gani, programu gani, na vikaragosi vya sponji uviingizeje. Halafu katikati ukapitisha hili: "nachora kwanza, mtu wa sauti nitamtafuta mwishoni." Hapo ndipo hela yako itakapozama.

Piga hesabu. Dakika 5 ni sekunde 300. Kwa fremu 25 (yaani picha moja moja) kila sekunde, ni fremu 7,500. Hata kila mchoro ukiushikilia kwa fremu 2, bado ni michoro 3,750. Nilifika huko midomo yote ikiwa imechorwa kwa kukisia, sauti ikaja, maneno yakagoma kukaa kwenye midomo. Msemaji akikimbiza maneno, mtoto wa miaka 4 haambulii kitu. Akisema kwa utulivu, mdomo umeshafunga na sauti bado inaendelea. Mazungumzo yote yakachorwa upya. Aliyenifundisha kwamba sauti ni pambo la mwisho alichukua ada yake kamili, na hadi leo anawafundisha wengine hivyo hivyo. Inaniuma sana.

Na Kiswahili hakikufichii kosa hili. Karibu kila silabi inaishia na irabu, kwa hiyo mdomo unafunguka muda wote, lakini m, b na p lazima zifunge midomo. Sasa angalia maneno ya watoto: mama, baba, bibi, babu, pipi. Kila moja linafunga mara mbili! Katika "mtoto", m ni silabi nzima, midomo imebana kabla ya "to" kufunguka. Mfungo huo uupe angalau fremu 2, la sivyo jicho halitauona.

Kwa hiyo: maliza hati, yaani maneno yote ya wahusika, kisha rekodi. Zima feni na friji, tundika mablanketi ukutani, maikrofoni ikae kama shibiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi ya p isiipige. Hifadhi kama faili la sauti la aina ya WAV, la kilohezi 48. Kisha chora jedwali, mstari mmoja kwa kila fremu, sikiliza polepole na uandike kila silabi inapoanzia. Mdomo uanze fremu 1 au 2 kabla ya sauti. Ukichelewa, kila mtu anaona. Ndipo ushike kalamu.

Usiniambie wahusika wako watapiga miluzi tu. The Clangers, kipindi cha watoto cha Uingereza kilichoanza BBC mwaka 1969, kilikuwa cha miluzi, na bado mtunzi wake Oliver Postgate aliandika mazungumzo yao kwa maneno kamili kwanza.

Kikaragosi cha sponji nacho kinafuata sauti. Mkono ukiwa ndani ya kichwa chake, kidole gumba ndicho kishuke, vidole vinne vya juu vitulie. Ukivinyanyua, kichwa kinaruka na macho yanatazama dari. Usipigepige mdomo kwa kila silabi ya sentensi ya haraka. Ufungue zaidi kwenye mkazo, silabi ya pili kutoka mwisho: ha-PA-na, ka-RI-bu. Sentensi ikiisha, mdomo ufungwe kabisa.

Hiyo kompyuta iache dukani kwanza. Una hati? Nani anaisoma, na lini?